Gemu Niliyoivalisha Mwili wa Redio

Kwa miaka kumi na mmoja nilitengeneza redio za watu wa Kinoru, na watu wa Kinoru hawakujua. Walichokiona ni ubao wa buluu ulioandikwa KIUNGA FUNDI WA REDIO. Kiunga ni mume wangu. Alikaa mbele kwenye kaunta, amevaa koti jeupe kama daktari wa ng'ombe, akapokea redio, akaitikisa karibu na sikio, kisha akasema, "Hii ina ugonjwa wa ndani. Rudi Alhamisi." Mteja akiondoka, aliipitisha redio chini ya gunia lililoning'inia nyuma yake. Upande wa pili wa gunia nilikuwa mimi, juu ya kigoda, na jiko la makaa mbele yangu, kwa maana stima haikuwa imefika kibanda chetu na chuma cha kuchomea risasi ya kuunganishia nyaya nilikipasha moto kwenye makaa.

Sitamnyima Kiunga haki yake. Aliponioa kutoka kwetu Mbeere alikuwa fundi kweli. Lakini kabla ya redio alikuwa amefanya kazi ya kuchomelea vyuma, bila miwani, na ule mwanga ulimla macho polepole. Kwanza aliniambia nimshikie taa. Halafu akaniambia nishike chuma, yeye anielekeze kwa kidole. Halafu kidole nacho kikaanza kuelekeza mahali pasipo na kitu, nami nikawa naenda mahali panapofaa bila kumwambia. Mwaka wa tatu alikuwa haelekezi tena. Alikuwa mbele akipiga soga.

Gunia lilikuja kwa sababu ya mteja mmoja, mzee wa kuuza mbuzi. Alinikuta nimefungua redio yake, akainyakua pamoja na skrubu zake.

"Kiunga, umeishiwa na watu? Mwanamke ashike redio yangu, aipike kama githeri?"

"Alikuwa anaipanguza vumbi tu, mzee."

"Apanguze masufuria!"

Jioni hiyo Kiunga alitundika gunia. Nilimsaidia kushikilia msumari.

Nilizaa Kiende, kisha tumbo likafunga. Mwaka wa tisini na sita Kiunga akamleta Ntinyari, msichana wa Ruiri, na mwaka uliofuata Ntinyari akazaa mvulana. Sikusema neno. Mwanamke mwenye binti mmoja hana neno la kusema katika boma kama letu. Niliendelea kutengeneza redio, na pesa za redio zikamnunulia Ntinyari kitanda.

Kisha siku moja Kiunga akanyanyua gunia akaniambia, "Mama Kiende, mwezi ujao utarudi bomani kwetu Ruiri ulime lile shamba. Ntinyari atakuja kukaa hapa dukani."

Nikacheka. Nilidhani ni mzaha.

"Na kazi itafanywa na nani?"

"Kazi gani?"

"Hii." Nilikuwa na redio magotini, imefunguliwa.

Akaitazama kama mtu anayetazama mvua ya mbali. "Hiyo nitafanya. Ikinishinda nitatafuta kijana wa politeknik. Mikono ni mingi mjini."

Nikamtazama usoni nikitafuta uongo, nisiuone. Alikuwa amesahau. Miaka yote ile ya kusifiwa pale mbele ilikuwa imeingia ndani yake, akaamini kwamba redio hupona kwa sababu yeye huzitikisa. Mwizi huwa anajua ameiba. Huyu hakujua.

Usiku ule sikulia. Nilijiuliza ninataka nini, nikaona nataka kitu kimoja: meza yangu. Chuma changu, koleo langu dogo, lile sanduku la mabaki ya redio zilizokufa, na mahali popote pale Kinoru nitakapoweza kukaa bila gunia. Kiunga abaki na ubao wake na mke wake. Lakini vyombo ni vya boma, na mwanamke havichukui hivi hivi. Ni lazima wazee wa ukoo waketi waseme. Na wazee wangeniuliza tu: ni nani amewahi kukuona ukifanya kazi hiyo?

Hapo ndipo alipokuja Mwalimu Naftaly wa Kaaga.

Alileta kitu kwenye mfuko wa karatasi. Dada yake aliyekuwa Ulaya alikuwa amemtumia Beverlyne, binti wa Mwalimu, gemu ya mkononi, ndogo kama tofali la sabuni, yenye kioo cha kijivu na vitufe. Unaichomekea kaseti ndogo ya mchezo kwa nyuma, unaiwasha, na matofali yanaanguka kutoka juu ya kioo, nawe unayapanga yasijae. Beverlyne alienda bweni akaiacha kabatini muhula mzima na betri ndani. Betri zikaoza. Aliporudi, ilikuwa imekufa. Kwa hasira akaikanyaga, mwili wake ukapasuka.

Kiunga aliitikisa. "Mwalimu, hii si redio. Hii imekufa. Mpe mtoto achezee tope."

"Nimezunguka mji mzima," Naftaly akasema. "Wote wanasema hivyo hivyo."

Nikasema kutoka nyuma ya gunia, "Iache."

Katika miaka kumi na mmoja sauti yangu haikuwa imevuka lile gunia.

"Ni nani huyo?" Naftaly akauliza.

"Mke wangu. Anapika chai."

Nikatoka nje. Niliichukua ile gemu, nikaifungua palepale kwenye kaunta kwa ncha ya kisu. Maji ya betri yalikuwa yamemwagika juu ya bodi na kukauka yakawa kama ukoga wa kijani. Yalikuwa yamekula njia za shaba. Lakini kioo kilikuwa kizima, na vile vidude vyeusi vya katikati havikuguswa.

"Mwalimu," nikamwambia, "nipe wiki mbili. Na uwe unapita hapa jioni ukitoka shule, uone kwa macho yako inatengenezwa na nani. Ikifanya kazi, sitaki chochote kwako ila uje Ruiri useme mbele ya wazee ulichokiona."

Naftaly akamtazama Kiunga. Kiunga akacheka mpaka koti likatikisika. "Mwache ajaribu, Mwalimu! Akishindwa itakuwa mwisho wa hii kelele."

Chuma changu kilikuwa kinene kwa kazi ile, kama kumtoa mtu mwiba kwa jembe. Nikachukua waya mnene wa shaba, nikauzungusha kwenye ncha ya chuma, nikauacha mkia mmoja mwembamba utokeze mbele. Huo mkia ndio ukawa chuma changu kipya. Ulipoa upesi, kila baada ya kugusa mara mbili ilibidi niurudishe kwenye makaa.

Niliisugua bodi kwa ndimu na mswaki mpaka ukoga ukatoka. Kisha nikaishika mbele ya taa. Sijui kusoma yale maandishi madogo yanayoandikwa kwenye bodi, lakini njia nazijua. Mwanga ukipita nyuma ya bodi unaziona zote, jinsi unavyoona vijia vya mbuzi ukiwa juu ya kilima: hiki kinatoka pale, kinazunguka hapa, hapa kimekatika. Kila kilichokatika nilikipima kwa betri moja na spika ya sikioni. Ikisema "tk", njia inapitika. Ikinyamaza, ni kifo. Njia zilizokufa zilikuwa kumi na saba. Nilizifufua kwa nyaya nyembamba kama nywele nilizofungua kutoka kwenye koili ya redio mbovu.

Mwalimu Naftaly alikuwa akija jioni, akikaa kwenye debe lililofunikwa, daftari za kusahihisha magotini.

"Ulisomea wapi, mama?"

"Nilisomea taa. Nilikuwa nashika taa."

"Ungekuwa mwanafunzi wangu..."

"Mwalimu, ungenipeleka jikoni kuchota maji ya walimu."

Alicheka, kisha akaacha kucheka.

Mwili wa gemu ulikuwa umepasuka kabisa, na mpira wa vitufe umeyeyushwa na ile dawa ya betri. Nikatafuta kwenye sanduku la mabaki. Kulikuwa na redio ndogo ya betri nne ambayo mwenyewe hakuwahi kurudi kuichukua. Gemu nayo ilikuwa ya betri nne, zile ndogo za kidole. Nne kubwa za tochi zina nguvu ile ile, ila zinadumu zaidi. Nikautoa utumbo wa redio, nikakata dirisha kwa msumari wa moto mahali pa ile kadi ya namba za stesheni, kioo kikaingia. Vitufe nilivitoa kwenye kikokotoo kilichokufa cha mwenye duka la mbolea. Spika nikaacha ile ile ya redio. Kwa hiyo gemu ya Beverlyne ikawa na mpini wa kubebea, na mkia wa erio, ule waya wa kunasia stesheni, usiokuwa na kazi, na sauti kubwa ambayo haikuwa nayo hata ilipotoka Ulaya.

Siku ya kumi na mbili niliiwasha. Kioo kikawa cheusi chote, nikajua kuna mahali nimegusanisha. Nikaifungua. Siku ya kumi na tatu ikawaka ikaimba, wimbo mdogo wa kurukaruka, kwa sauti ya redio, na tofali la kwanza likashuka. Mwalimu alisimama, daftari zikamwagika chini. Mimi niliketi tu. Sijui kama nimewahi kufurahi vile hata siku ya kumzaa Kiende, kwa maana siku ile niliambiwa, "Ni msichana tu." Hapa hakukuwa na mtu wa kuniambia ni kitu fulani tu.

Kiunga alitoka mbele kuona wimbo unatoka wapi. Akasema, "Betri ni za nani hizo?"

Wazee waliketi Jumamosi kwa mzee Kinyua, mjomba wa Kiunga, huko Ruiri, kando ya ghala lake la mahindi. Kiunga alileta fundo la miraa kama inavyotakiwa. Mwanamke hawezi kusikilizwa bila watu wake, kwa hiyo baba yangu mzee Nthiga alikuwa ametumiwa ujumbe, akaja kutoka Mbeere na koti lake la kanisani, miguu imejaa vumbi. Nilimwandalia maji ya kunawa. Nilikuwa nimejiamini siku ile. Nilivaa kitambaa cheupe.

Nilisema neno langu. Kiunga akasema lake: kwamba mimi nilikuwa napanguza vumbi na kupika chai, na sasa wivu wa Ntinyari umenipanda kichwani. Mwalimu Naftaly akasimama akasema aliyoyaona, jioni kwa jioni, kwa sauti ya darasani. Kinyua alitafuna miraa akisikiliza.

"Mwalimu, unasema huyu mama hajui kusoma, lakini anajua kitu cha wazungu?"

"Nimeona, mzee."

"Basi na sisi tuone."

Nikaifungua gemu mbele yao. Nikachomoa waya mmoja tu. Nikampa Kiunga gemu na chuma kilichokuwa jikoni kwa mke wa Kinyua. "Baba Kiende, rudisha."

Aliishika karibu. Aliishika mbali. Aliigeuza juani. Jasho likamtoka puani. Chuma kikapoa mkononi mwake.

"Kiunga," mzee mmoja akasema, "unaibusu ama unaitengeneza?"

Wakacheka. Nikaichukua, nikarudisha ule waya kwa mguso mmoja, nikaiwasha, ikaimba. Wazee wakasogeza vigoda. Ilibidi nimwonyeshe Kinyua ni kitufe kipi cha kugeuza tofali. Alipoizoea hakutaka kuitoa.

"Lete na sisi, mzee."

"Ngoja! Hii ndefu inashuka, ngoja kwanza niilaze!"

"Umejaza, umekufa!"

"Sijakufa! Nani amesukuma mkono wangu?"

Niliwatazama wakicheka kama vijana, moyo wangu ukatulia. Nikasema, nimeshinda. Nilikuwa na miaka arobaini na miwili, na nilidhani ukweli ukionekana kazi yake imekwisha.

Kinyua akaweka gemu chini. Akapanguza mdomo.

"Sasa tumejua," akasema. "Mimi nilikuja hapa nikidhani tunahukumu ugomvi wa wake wawili. Kumbe Kiunga alikuwa anafukuza ng'ombe wa maziwa. Wewe Kiunga, ni mjinga. Umpeleke huyu shambani ashike jembe, halafu ule nini? Ule koti?"

Wakacheka tena. Kiunga akainamisha kichwa.

"Lakini wewe, mama," Kinyua akanigeukia, na sauti yake haikuwa mbaya, ilikuwa ya upole, na huo upole ndio unaonichoma mpaka leo. "Umetuonyesha kwamba duka lile lote limejengwa kwa mikono yako. Vizuri. Mikono hiyo ililetwa bomani na nani?"

Akamgeukia baba yangu.

"Mzee Nthiga, mikono hii ulitupa bure?"

Baba yangu akakohoa. "Hapana. Mlileta mbuzi. Mlileta asali, na ndama."

"Na mbuzi wale wako wapi?"

Baba hakunitazama. "Niliwatoa mahari ya mke wa mwanangu Gichovi."

"Basi," Kinyua akasema. "Kama huyu binti yako Igoki angekuwa hajui kitu, Kiunga angeweza kumwacha aende, hakuna hasara. Lakini sasa ametuonyesha mwenyewe kitu kilicho katika mikono yake. Kitu hicho ni cha boma. Ng'ombe hadai maziwa yake, mama. Ukitaka kuondoka na mikono hiyo, mahari irudi."

Nikamgeukia baba yangu. "Baba, sema kitu."

"Niseme nini, mwanangu? Mbuzi hao wamekuwa mtu sasa. Wana watoto wawili pale nyumbani, wananiita babu. Nimrudishe nani?" Akatazama viatu vyake. "Rudi tu. Hawakupigi."

Wakaamua. Ntinyari atakaa mbele kwenye kaunta na Kiunga. Mimi nitakaa nyuma nifanye kazi. Duka litakuwa la Kiunga, na baada yake la mwana wa Ntinyari, kwa kuwa Kiende ataolewa. Gunia libaki, Kinyua akasema, kwa kuwa mambo ya nyumba hayapelekwi sokoni. Kila mzee akaitikia. Mwalimu Naftaly aliichukua gemu yake akaikumbatia kwa mkono mmoja.

"Mimi nimesema nilichoona, mama," akaniambia langoni. "Mengine ni ya ukoo. Mimi ni mgeni."

Alikuwa amesema kweli, na ile kweli ndiyo iliyonifunga. Kama angekataa kuja, ningelikuwa Ruiri sasa, nalima mahindi yangu, nikilala ninapotaka. Nimegeuza jambo hili kichwani mara nyingi. Nilidhani nikionyesha thamani yangu nitaachiliwa. Lakini hakuna mtu anayeachilia chenye thamani.

Kazi iliongezeka. Habari za ile gemu yenye mpini zilienea Kaaga yote, na wazazi wakaanza kuleta za watoto wao, zilizooza, zilizokanyagwa, zilizoangushwa chooni. Kiunga alijifunza kusema, "Hii nitaivalisha mwili wa redio," akiitikisa. Ntinyari aliandika majina ya wateja kwenye daftari, maana yeye alifika darasa la saba. Chini ya gunia vilipita vitu kutwa nzima.

Mwezi wa nne nikaamua kuharibu. Niliwaza, wakiona mikono imekufa watanipeleka shambani. Niliacha redio mbili zikiwa na nyaya zilizogusa tu bila kushika, risasi ya baridi, ili zinyamaze baada ya siku chache. Zilinyamaza. Wa kwanza kurudi alikuwa mtu wa kuuza makaa, mwenye sauti kubwa.

"Kiunga! Nilikulipa kwa nini? Hii imeimba siku mbili tu!"

Nilisikia Kiunga akiichukua. Akaitikisa. Akasema, "Samahani sana, rafiki yangu. Hii sikuishika mimi. Nilimwachia mke wangu mkubwa siku moja tu. Igoki."

"Igoki ni nani?"

"Yuko huko nyuma."

"Mwambie ashike mwiko!"

Ntinyari akacheka. Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Kwa miaka yote ile jina langu halikuwa limewahi kutajwa pale dukani, na sasa lilikuwa limetajwa, na mwenye makaa akalirudia kwa mwenzake huku akitoka. Baada ya siku hiyo kila redio iliyorudi ilikuwa ya Igoki. Iliyopona ilikuwa ya Kiunga.

Siku ile redio ya mwenye makaa ikapitishwa chini ya gunia. Niliiweka magotini. Nilijua waya ulipo, ni mimi niliyeuacha. Makaa yalikuwa bado mekundu. Nikachomeka chuma ndani yake, nikatafuta bisibisi.